Mpini wa upanga wa Luke: wa kale, wa kuagiza, wa printa, au bomba la ngazi?

Mezani kwangu kuna mipini mitatu ya upanga uleule mmoja, na pembeni yake betri tatu kubwa za redio. Mpini wa kwanza niliuagiza nje, ukaja kwa vipande. Wa pili umechapwa kwa printa ya 3D na kijana mmoja wa Sinza, hapa Dar. Wa tatu ni bomba la stenlesi lililobaki kwenye kazi ya vishikio vya ngazi. Nililikata mwenyewe uani kwa msumeno wa chuma, hadi jirani akauliza kama tunabadilisha geti. Wa nne, ule wa asili, sina. Nimewahi kuushika mara moja tu, nitafika huko.

Upanga wenyewe ni ule wa mwanga aliokabidhiwa Luke Skywalker, kijana shujaa wa filamu ya Star Wars ya 1977. Mwanga uliongezwa baadaye kwa michoro. Kilichokuwepo kweli, kikaning'inia kwenye mkanda wa mwigizaji, ni mpini, ndiyo maana hapa nalinganisha mipini tu. Anayetaka kitu cha kuwaka na kupigana nacho ana safari nyingine kabisa. Hata waigizaji kwenye mapigano walishika panga tofauti, zenye fimbo iliyovikwa utando wa kuakisi mwanga na mota ya kuizungusha.

Swali la kila anayepita nyumbani ni moja: njia ipi itanipa unaofanana kabisa? Mimi humrudishia swali: ufanane kwa nani? Kwa atakayeuona umening'inia ukutani, kwa atakayeushika, au kwa yule jamaa atakayetoa lenzi mfukoni na kuanza kuhesabu skrubu? Watu hao watatu hawadanganywi na kitu kimoja.

Ilikuwa taa ya kamera

Wengi hudhani kuna msanifu aliyekaa chini na penseli akaubuni. Hapana. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti wa filamu ile, alikuwa na bajeti ya kubana na kazi ya kutafuta vitu. Mwenyewe amesimulia alivyoingia katika duka la kamera mtaa wa Great Marlborough, London, akauliza kama wana kitu cha ajabu ajabu kilichowakalia. Akaonyeshwa boksi lenye vumbi, na ndani yake mipini ya fleshi za Graflex.

Graflex ilikuwa kampuni ya Rochester, jimbo la New York. Fleshi zake ndizo walizobeba waandishi wa habari wa Marekani pamoja na zile kamera kubwa za Speed Graphic unazoziona kwenye picha za zamani, wanaume wenye kofia wakisukumana mlangoni mwa mahakama. Mpini hubeba betri. Juu yake hukaa sahani ya kuakisi mwanga, na katikati ya sahani globu inayowaka mara moja ikafa.

Christian aliondoa sahani. Sehemu ya chini akaibandika vipande vya mpira mweusi wenye umbo la T, ule ule uliotumika kwenye bunduki za askari wenye deraya nyeupe. Kwenye kibano cha katikati, yaani ule ukanda wa chuma unaouzunguka mpini, akapachika kijipande cha plastiki chenye vivimbe, kilichotoka kwenye kioo cha kikokotoo. Kitakoni ikaongezwa pete ya D ili uning'inie mkandani. Kwisha kazi. Yeye na wenzake wa idara ya sanaa walipata Oscar kwa filamu ile.

Kwa sisi tunaoiga, historia hiyo ni mali, kwa sababu kitu kilichotoka kiwandani kina vipimo visivyobishaniwa. Bomba la Graflex lina kipenyo cha inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Ukishakuwa na kipimo kimoja cha uhakika, picha yoyote safi inageuka rula. Ichapishe, pima upana wa bomba kwenye karatasi. Ukipata milimita 19, basi kila kitu kwenye picha hiyo zidisha kwa mbili. Ila usipimie picha ambayo mpini umeelekezwa kwa kamera. Ncha ya mbele hunenepa, ya nyuma hukonda, nawe utakesha na hesabu zisizokubali.

Betri nazo? Graflex hii ilitengenezwa imeze betri tatu za ukubwa wa D, zile za redio ya babu. Betri moja ina urefu wa milimita 61.5 na unene wa kama 34. Bomba la milimita 38 lenye ukuta mwembamba huzimeza zote tatu, zinateleza moja moja na kugonga chini: ko, ko, ko. Zikikwama, bomba ni jembamba au ukuta ni mnene. Zikichezacheza, bomba ni pana. Hii ndiyo venia ya maskini, yaani kipimo chake cha vipenyo, na haijawahi kunidanganya. Aliyenidanganya ni muuza vifaa vya ujenzi, nitakuja kwake.

Kabla ya njia, upanga upi?

Wako wanaoanza na upanga wa Obi-Wan Kenobi, yule mzee anayemfunza Luke, kwa kuwa ni mzuri zaidi. Sibishi. Ule uliunganishwa kwa vyuma chakavu hasa: juu ni bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, katikati ni mwili wa guruneti la bunduki la Waingereza la wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kitako ni kishikio cha koki ya maji ya Armitage Shanks. Koki ya bafuni! Mashabiki walichukua miaka mingi kukitambua kipande kimoja baada ya kingine. Lakini shingo yake ni nyembamba, mwili una mifereji na pete, hiyo ni kazi ya mashine ya kukereza. Kama una fundi wa kukereza unayemwamini mtaa wa Gerezani, Dar, au kwa mafundi wa jua kali ukiwa Nairobi, mpe mche wa alumini na mchoro wenye vipimo, halafu hii makala nyingine yote iache. Kama huna, utaishia na kitu kinachofanana na mguu wa kitanda.

Wa Darth Vader, adui mwenye mavazi meusi, ulianzia kwenye fleshi ya Kiingereza, MPP Microflash, ambayo kuipata siku hizi ni shida kuliko Graflex. Umbo lake nalo ni bomba, kwa hiyo mengi nitakayosema yanaufaa.

Na wale mnaotaka bastola ya Han Solo, rubani rafiki wa Luke: ilijengwa juu ya Mauser C96, bunduki ya kweli, na nakala nzuri inaonekana kama bunduki ya kweli. Mimi naishi kwenye mji wenye vizuizi vya polisi usiku. Sitaki kumweleza askari mwenye tochi kwamba hiki ni kifaa cha sinema. Nimebaki na upanga.

Ya 1977 au ya 1980?

Hapa ndipo nakala nyingi nzuri huharibikia, na haihusiani na pesa. Mpini wa filamu ya kwanza na wa filamu ya pili, The Empire Strikes Back ya 1980, si mmoja. Ule wa kwanza una vile vivimbe vya kikokotoo kwenye kibano. Wa pili, mahali pale pale, una kipande cha sakiti chenye mistari ya dhahabu, na pete ya kuning'inizia imefungwa kwa namna nyingine. Vipande vya mpira navyo havilingani. Mtu anachukua kibano cha hapa, mpira wa kule, anapata upanga ambao haukuwahi kuwepo kwenye filamu yoyote.

Chagua fremu moja. Isimamishe, ichapishe, ibandike ukutani juu ya meza ya kazi, na usiangalie nyingine.

Kwa anayejitengenezea hapa nyumbani, wa 1980 ni rahisi kidogo. Mistari ya dhahabu ipo kwenye kadi yoyote ya kompyuta iliyokufa. Nenda kwa wauza kompyuta chakavu, omba ramu mbovu, kata ukingo wake. Vivimbe vya 1977 ni kazi zaidi, kwa kuwa vikokotoo vya aina ile, vyenye tarakimu nyekundu chini ya lenzi ndogo ndogo, havipatikani hovyo. Nilijaribu matone ya gundi ya epoksi juu ya plastiki, kila tone likatoka na ukubwa wake. Kilichoniokoa ni paketi ya vidonge. Paketi ya plastiki angavu yenye vidonge vidogo vya duara ina vivimbe vilivyojipanga sawasawa kama vimepimwa, kwa maana vimepimwa. Mama watoto hakufurahi kukuta vidonge vyake vya mzio kwenye kikombe.

Graflex ya kale

Ndugu yangu anaishi Uingereza, na nilipomtembelea alinipeleka kwenye mnada wa kamera za zamani. Mzee mmoja alikuwa na Graflex imelala juu ya kitambaa cha kijani. Nikaomba kuishika. Kabla hata ya kutaja bei, akaniuliza kama ninapiga picha au nataka kuikata.

Swali lake lina uzito. Zilizobaki hazizidi, hakuna anayetengeneza nyingine, na kila inayogeuzwa upanga ni moja iliyopungua kwa wapenzi wa kamera zile. Filamu yenyewe ndiyo iliyopandisha bei hadi mamia ya dola. Zamani zilikuwa takataka za bohari.

Nikuambie ukweli lakini: ukiushika, umekwisha. Ni shaba ya njano iliyochovywa metali ya kung'aa, baridi, nzito upande wa juu, na kibano kinafunga kwa mlio mmoja mfupi ambao sijausikia kwenye nakala yoyote. Mikwaruzo yake ni ya kazi. Kuna mtu aliibeba hii akikimbilia ajali ya gari moshi, nani ajuaye. Hakuna msasa wa kuiga hiyo.

Ukiamua kuinunua, fungua kitako kabla hujalipa. Betri zilizosahauliwa ndani huvuja, zikala shaba hadi pakawa kijani. Hesabu pia urefu: Graflex ilitengeneza mipini ya betri mbili na ya betri tatu, na muuzaji wa mtandaoni asiyejali hukuandikia Graflex basi. Ya betri mbili ni fupi. Ukiiona peke yake kwenye picha hutaigundua. Ikifika mkononi utagundua mara moja. Halafu fikiria kuipa mpira wa T kwa gundi inayobanduka, bila kutoboa tundu hata moja. Mjukuu wako anaweza kuirudisha kuwa taa.

Nakala ya kuagiza

Kuna watu wanaotengeneza Graflex mpya kwa mashine, kipande kwa kipande, kwa vipimo vya ile ya kale. Bei nayo si ya mzaha. Ukijumlisha usafiri na ushuru unaikaribia ile ya kale yenyewe. Wangu ulikaa wiki tano mahali fulani kati ya kiwandani na mlangoni kwangu, na ulipofika boksi lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya karatasi. Nadhani mtu alitaka kujua bomba lenye kitufe chekundu ni la kazi gani. Simlaumu.

Ubora wake ni huu: yule jamaa wa lenzi hatapata la kusema. Masikio mawili ya juu, kile kijicho cha kioo, kitufe, kibano, vyote viko mahali pake kwa sehemu ya milimita. Betri zikadumbukia, ko, ko, ko.

Ubaya wake ni kwamba hujatengeneza kitu. Umekaza skrubu nane. Nilimaliza kabla chai haijapoa, nikabaki nautazama. Unang'aa mno vilevile, kama sufuria ya bi harusi. Ili ufanane na wa filamu inabidi uuchakaze, na kuchakaza kitu ulicholipia ushuru kunahitaji moyo.

Printa

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ukiwa na mtu mwenye printa, na ndiyo inayoahidi zaidi ya inavyotoa. Faili zipo, nyingine zimechorwa kwa uangalifu mkubwa. Umbo hutoka sahihi kabisa. Kijana wa Sinza alinichapia usiku mmoja na nusu.

Shida zinaanza asubuhi. Printa hujenga kwa tabaka, na tabaka la milimita 0.2 linaonekana kwa jicho na kuhisika kwa ukucha. Utapaka puti ya magari, utapiga msasa namba 120, puti tena, 240, praima ya kupuliza, 400, praima, 800. Nilitumia jioni sita. Mwisho nikapuliza rangi ya kromu, na rangi ya kromu ya kopo, kwa uzoefu wangu, ni kijivu kilichochangamka. Ukiishika sana inaacha fedha kwenye vidole.

Halafu uzito. Mtu akikupa mpini wa plastiki unajua kabla hujautazama. Nilipakia nati kubwa za chuma ndani kwa epoksi, ikasaidia, ila sasa unagonga kama njuga.

Na joto. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na wengi, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za selsiasi. Gari lililofungwa vioo Dar saa nane mchana linafika huko juu ya dashibodi bila kujitahidi. Mpini wangu wa kwanza wa printa una mkunjo kidogo kama ndizi. Ndiyo maana huu uliopo mezani ni wa pili.

Printa inafaa kwa mambo mawili: vazi la siku moja, na vipande vidogo vya kupachika kwenye njia inayofuata.

Bomba

Sasa yule muuza vifaa vya ujenzi. Mashabiki wa Marekani wa zamani, kabla ya nakala za kuagiza, walikuwa wakitengeneza mpini huu kwa bomba la kromu la chini ya sinki, kwa kuwa kwao bomba hilo lina inchi moja na nusu. Nikaenda dukani nikamwambia nataka bomba la kromu la sinki, inchi moja na nusu. Akanipa, akaniapia. Lilikuwa la beseni la kunawia, milimita 32. Dukani, mikononi mwake, lilionekana sawa. Nyumbani betri haikuingia hata mdomo. Nilikuwa nimeshalikata.

Milimita sita zinaonekana kitu kidogo. Weka bomba la 32 kando ya la 38 uone: moja ni silaha, jingine ni fimbo ya pazia.

Jibu lilikuwa mtaa wa pili. Mafundi wa stenlesi, wale wanaotengeneza vishikio vya ngazi na mageti ya maghorofa, wanatumia bomba la inchi moja na nusu kila siku, na pembeni ya mashine kuna rundo la vipande wasivyovitaka.

"Fundi, naomba kipande cha sentimita thelathini."

"Cha nini, kaka?"

"Upanga."

Akanitazama. "Kaka, panga zinauzwa."

Alinipa bure, ila nikaacha ya soda. Chukua lenye ukuta mwembamba kuliko yote, yaani lile ambalo fundi mwenyewe atalidharau kuwa si la ngazi. Dumbukiza betri palepale. Omba pia kifuniko bapa cha kuziba ncha ya bomba, si kile cha kichwa cha mviringo, na kitako chako kimekwisha.

Mpira wa T upo madukani kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Wana raba za maumbo kumi, ukichagua utaipata yenye mgongo uliosimama. Raba ya waipa ya gari nayo inakaribia. Urefu na idadi ya vipande usiniulize mimi, uliza ile fremu uliyobandika ukutani.

Kubandika ndiko kulikonifunza adabu. Nilitumia supaglu. Asubuhi, kando ya kila kipande cha mpira kulikuwa na ukungu mweupe juu ya chuma, kama mtu amepumua na pumzi ikaganda. Ni mvuke wa gundi ile, na juu ya chuma kinachong'aa haufichiki. Ulitoka kwa polishi na jasho. Raundi ya pili nilichora kwa penseli mahali pa kila kipande, nikaparuza chuma kwa msasa ndani ya mistari tu, nikapaka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, nikangoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo nikabandika. Havijang'oka.

Masikio mawili ya juu nimekata kwenye bati la alumini na kuyapinda kwa koleo. Kitufe chekundu ni kichwa cha ribiti kilichopakwa rangi ya kucha. Kile kijicho ni jiwe la kioo kutoka kwenye gauni.

Kimebaki kibano, na kibano ndiyo sura ya mpini huu. Ni ukanda wa chuma unaolizunguka bomba, wenye kijisanduku na mkono wa kufungia, na jicho la kila mtu linatua hapo kwanza. Nimetengeneza vitatu. Cha kwanza nilimpa fundi achomelee. Moto uliacha rangi ya bluu na dhahabu kwenye stenlesi kama mafuta juu ya maji, na nilipoipiga polishi ikatoka pamoja na kona zote. Cha pili nilikiunga kwa ribiti, kikakaa vizuri, lakini mkono wake hausogei, ni wa kuchora tu. Cha tatu kinafunga kweli, na bado ukikitazama kwa karibu unaona tupa ilipopita. Wiki tatu za jioni kwa kitu chenye ukubwa wa kiberiti.

Ni kazi hiyo iliyonifanya nibadili mawazo kuhusu pesa iende wapi.

Kando kwa kando

Niliipanga mipini mitatu mezani, nikamwita mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na nne na filamu zile anazijua kuliko mimi. Hatua tatu, bila kugusa. Akaonyesha wa printa. Kwa mbali umbo ndilo linalosema, na umbo la printa ni kamili. Nikamwambia asogee. Akauacha, akaonyesha wa kuagiza, kwa sababu ya kibano. Nikamwambia afumbe macho, nikampa mmoja mmoja mkononi. Akasita kati ya wa kuagiza na wa bomba, akaugeuza wa bomba mara mbili, akasema, "Huu, mjomba. Huu umetumika."

Hakukosea. Umetumika kweli, na mimi, kwa kuangushwa.

Mwanga wa dirishani unaonyesha tofauti nyingine. Stenlesi ya ngazi ina mistari midogo sana ya kung'arishia inayozunguka bomba, na mng'ao wake ni wa ubaridi. Graflex ile ya kwenye kitambaa cha kijani ilikuwa na mng'ao wa uvuguvugu kidogo, shaba ikichungulia mahali metali ya juu ilipochujuka. Polishi ya magari na kitambaa, kwa kusugua kwa urefu wa bomba, inapunguza mistari. Uvuguvugu haupatikani.

Kwa hiyo, kama wewe ni mtu wa kukusanya, una pesa, na kitu kitakaa ndani ya kabati la kioo: Graflex ya kale, na usiitoboe. Kama una sherehe Jumamosi na leo ni Jumatano: printa, rangi ya kopo, na usiuache garini. Nakala kamili ya kuagiza sikushauri, ingawa ninayo. Ni bei ya kitu cha kale bila ukale wake, na mikono yako haikufanya kitu.

Wengine wote, yaani wengi wetu, tengenezeni wa bomba, ila kibano agizeni. Kinauzwa peke yake, ni kidogo, kinaingia kwenye bahasha, na usafiri wake si wa kuumiza. Bomba la bure lenye kibano sahihi linampita mtu wa lenzi kwa dakika kadhaa. Bomba ghali lenye kibano cha tupa halipiti hata sekunde. Nilikifungua kibano cha mpini wangu wa kuagiza nikakivisha bomba la ngazi, kikafunga bila hata kulegeza skrubu. Tangu siku hiyo mpini wa kuagiza umelala bila kibano, na wa bomba ndio ninaouning'iniza ukutani.

Agiza kibano kwanza, kisha ukae. Usikate bomba kabla hakijafika, maana vipande vya juu na vya chini hupimwa kuanzia pale kinapokaa. Wakati unasubiri, tafuta fundi wa mabegi akuuzie pete ya D. Wangu alikuwa nazo kopo zima, akaniambia nichague mwenyewe.